Farasi wa Misri na Usiku wa Kuamkia Pepa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la wiki hii liko Isaya 30. Naomba tusome kuanzia mstari wa 1 hadi wa 21, tusiishie kwenye ule wa 15 ambao hapa hosteli umebandikwa karibu kila ukuta: "Kwa kurudi na kustarehe mtaokolewa, nguvu zenu zitakuwa katika kutulia na kutumaini." UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia tunatumiana mstari huo kwenye simu, na mara nyingi tunautuma ukiwa umekatwa. Mwisho wake unasema, "lakini hamkukubali."

Maneno hayo mawili yamenikaa moyoni wiki nzima. Watu wa Yuda hawakukosa utulivu kwa sababu Mungu aliwanyima. Waliletewa, wakaambiwa uko huu hapa, wakasema hapana. Sisi huomba amani ya moyo kana kwamba iko mbali sana na ni lazima itumwe. Isaya anaiweka karibu zaidi na kwa namna inayotubana zaidi: ni jambo la kukubali au kukataa.

Walikataaje? Zilikuwa zama za mfalme Hezekia. Ashuru ilishauangusha ufalme wa kaskazini, Samaria ikaanguka mwaka 722 KK, na Yuda ikabaki nchi ndogo ya milimani ikisubiri zamu yake. Hofu yao ilikuwa na sababu, na nabii hawaambii hata mara moja kwamba adui hayupo. Viongozi wakaona dawa ni Misri, maana Misri ina farasi na magari ya vita. Wakapakia mali zao juu ya punda na ngamia, msafara ukashuka kusini kupitia nchi ya simba na nyoka (mstari wa 6), wakanunue msaada kwa taifa ambalo Isaya anasema waziwazi halitawafaa kitu. Safari nzima ilipangwa bila kumuuliza Mungu (mstari wa 2). Walipoambiwa watulie, wakajibu kwamba wao watakimbia juu ya farasi.

Farasi wetu tunawajua. Saa tano usiku wa kuamkia pepa, meseji inaingia kwenye grupu la kozi: maswali yamevuja, tuma hela kwa namba hii. Watu wanaamka. Mwenye bando anamrushia asiye nalo, madaftari yanafungwa, kila mtu anatafuta picha yenye ukungu ya karatasi ambayo pengine ni ya mwaka juzi. Mpaka saa nane korido bado ina watu. Farasi mwingine ni bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, kuwekwa lote kwenye mkeka wa kubeti siku lilipoingia, kwa matumaini ya kuziba ada iliyopelea. Mwingine ni mikopo ya simu, ile ambayo ukichelewa kidogo wanaanza kumpigia mama yako na CR wako, yaani kiongozi wa darasa. Mwingine ni kumlipa mtu akuandikie risechi.

Na hili nalisema kwa uzito kwa sababu linafanyika kwa jina la Yesu: kalamu za upako. Sina neno na mwanafunzi anayeomba akiwa ameshika kalamu yake. Hata mimi naomba hivyo. Neno langu ni kwa mhudumu anayemuuzia kijana kalamu na kumwambia itaandika yenyewe yale asiyoyasoma. Mstari wa 10 unawataja watu waliowaambia manabii wao, tuambieni maneno laini. Wateja wa maneno laini walikuwapo tangu zamani, na wauzaji nao walikuwapo. Kijana anayerudi na supu, yaani mtihani wa kurudia, baada ya kuahidiwa ushindi haishii kuumia kwa matokeo tu. Anaanza kujiuliza kama Mungu mwenyewe ni wa kweli, na swali hilo anabaki nalo peke yake kwa sababu anaona aibu kulileta kwenye maombi. Ninawafahamu wenzetu walioacha kuja ibadani kwa njia hiyo. Tunawalaumu kwamba wamepoa, kumbe kuna mtu aliwauzia imani isiyo na Mungu ndani yake.

Jibu la Mungu kwa wapenda farasi linatisha kwa upole wake. Habishani nao. Wanataka mbio, watapata mbio, na watakaowafuatia nao watakuwa wepesi. Ndivyo inavyokuwa. Mkopo wa kwanza unalipwa kwa wa pili. Aliyeandikiwa risechi anaogopa kila swali la msimamizi, hata lile la kawaida la kwa nini ulichagua sampuli hii, na anatembea na hofu hiyo mpaka siku ya kuitetea, pengine na baada ya hapo.

Rumeti wangu anasoma takwimu. Usiku mmoja wa meseji za namna hiyo aliamshwa na kelele, akauliza kuna nini, akaambiwa. Akasema, "Mimi pepa langu nimeshalisoma." Akashuka kitanda cha juu, akaweka kitambulisho, kikokotoo na kalamu mbili kwenye bahasha ya plastiki, akasuuza kikombe chake cha uji, akajaza ndoo ya asubuhi maana maji ya alfajiri hayana uhakika. Kisha akapanda tena, akajifunika khanga mpaka kichwani na kulala. Upepo wa Dodoma ulikuwa unagonga madirisha na watu wanapiga kelele mlangoni, naye alilala.

Nimemfikiria sana dada huyu. Utulivu wake haukutengenezwa usiku ule. Tangu muhula unaanza alishaamua kwamba haangalii pepa lililovuja, liwe la kweli au la uongo, kwa sababu ni Mkristo na ni mtu atakayekuja kuaminiwa na takwimu za watu wengine. Kwa hiyo saa tano usiku hakuwa na la kuamua. Korido nzima ilikuwa inaamua upya, kila mtu akipima hatari, gharama na dhamiri yake kwa wakati mmoja, akiwa na usingizi na njaa. Naamini sehemu kubwa ya mahangaiko yetu ni hiyo: tunaacha mambo mazito yangoje kuamuliwa saa ambayo hatuna nguvu ya kuamua vizuri. Nitalala na nani, nitakunywa au sitakunywa, nitasema uongo kwenye fomu ya mkopo au la. Imani ambayo haijafika kwenye maamuzi hayo ikiwa bado mchana, usiku haina pa kukanyaga.

Asije mtu akasema kutulia ni kukaa kitandani na kumngoja Bwana. Hezekia huyuhuyu alichimba. 2 Wafalme 20:20 inataja birika na mfereji alioutengeneza ili kuleta maji mjini, na mfereji huo bado upo chini ya Yerusalemu, zaidi ya mita 500 ndani ya mwamba. Wachimbaji walianza pande mbili wakakutana katikati. Maandishi yaliyogunduliwa ndani yake mwaka 1880 yanaeleza jinsi walivyoanza kusikia sauti za wenzao upande wa pili wa jiwe kabla hawajakutana. Ukisoma Isaya 22:11 utaona nabii anawakemea watu wa mji kwa habari ya maji hayo, lakini kosa analotaja ni kwamba hawakumwangalia Mungu. Hasemi wasingechimba. Naiona tofauti kubwa kati ya mfereji na farasi. Mfereji ni kazi yako, ya polepole, ndani ya mji wako, kwa mikono uliyopewa. Farasi ni nguvu ya kununua kwa mwingine ili uikwepe kazi hiyo. Kwa hiyo wenye vipindi vya saa moja asubuhi, nendeni. Wenye madesa, yaani notisi za kozi, someni. Hakuna anayeuasi utulivu wa Mungu kwa kukaa maktaba.

Kuna jambo moja la Hezekia ambalo hatulihubiri sana. Mfalme huyu mcha Mungu naye alijaribu kununua amani. 2 Wafalme 18:14-16 inasema alimlipa mfalme wa Ashuru talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu, mpaka akabandua dhahabu iliyokuwa kwenye milango ya hekalu. Akalipa yote, na jeshi likaja vilevile. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme huyo wa Ashuru, aliiteka miji ya Yuda. Kumbukumbu zake mwenyewe zinadai ni miji 46 yenye ngome, na zinasema Hezekia alifungiwa Yerusalemu kama ndege katika tundu. Kutekwa kwa mji wa Lakishi kulichongwa kwenye kuta za jumba lake la Ninawi, na mawe hayo leo yako London, British Museum.

Ndipo anakuja Rabshake, mjumbe wa Senakeribu, anasimama karibu na ukuta wa Yerusalemu, anapaza sauti kwa lugha ya wenyeji ili kila mtu asikie. Anawaambia Misri ni mwanzi uliopondeka, ukiuegemea unakuchoma mkono. Kisha anawaahidi farasi 2,000, kama wanao watu wa kuwapanda. Farasi walewale ambao Yuda iliwafuata Misri! Adui ndiye anawagawa bure, kwa sababu anajua hawatasaidia kitu. Watu wakanyamaza, hawakumjibu neno, maana mfalme aliamuru hivyo. Baadaye barua ya vitisho ikaja. Hezekia akaipokea, akaisoma, akapanda nayo hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana (Isaya 37:14).

Hapo ndipo ninapomwona akikubali lile lililokataliwa katika sura ya 30. Aliisoma barua yote. Hakujifanya hakuiona, wala hakuifupisha ili ionekane nyepesi. Aliipeleka yenyewe, na maneno yake yote ya matusi. Wiki hii jaribu kuomba hivyo. Kama ni matokeo, yafungue kwenye simu uyaweke mbele zako, taja kozi uliyopata supu kwa jina lake. Kama ni deni, taja kiasi. Kama ni uchumba usioeleweka, sema wazi mnafanya nini na mnakwepa kusema nini. Maombi yetu ya jumla, Bwana tusaidie katika yote, huwa yanatuacha na mzigo uleule kwa sababu hatukuufungua.

Mstari wa 21 nao nimeusoma tofauti na nilivyofundishwa Jumapili za utotoni. Masikio yako yatasikia neno nyuma yako likisema, "Njia ni hii, ifuateni," mgeukapo kwenda kulia na mgeukapo kwenda kushoto. Sauti iko nyuma. Anayeongozwa yuko mbele, anatembea, pengine anapinda vibaya, ndipo anarekebishwa. Wengi tunasubiri taa iwake miaka kumi mbele ndipo tuchague kozi, mwenza au kazi. Mimi nasoma ualimu. Nyumbani walitamani sheria, na baba bado anaigusia tukizungumza kwenye simu. Dada zangu wa kiroho waliomaliza kabla yangu wanaangalia tangazo la ajira kila asubuhi, wanajitolea shule za kata wakilipwa nauli, na wanajua mshahara ukipatikana asilimia 15 inarudi Bodi ya Mikopo. Sijaoneshwa nitaajiriwa lini. Ninachojua ni kwamba nikisimama mbele ya watoto wa kidato cha pili kwenye mafunzo kwa vitendo, najua niko mahali pangu, na nikigeuka vibaya kuna mmoja nyuma yangu anayeniona. Hiyo inanitosha kuendelea na somo la kesho.

Neno kwa wale ambao hata baada ya kuomba na kusoma hawalali, hawali, wanalia bila kujua kwa nini, wiki zinapita. Msikubali kuambiwa na mtu yeyote, hata kiongozi wetu wa maombi, kwamba imani yenu ni ndogo. Eliya alilala chini ya mretemu akiomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwonesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamrudia mara ya pili (1 Wafalme 19:5-7). Nendeni zahanati ya chuo, mwoneni mshauri wa wanafunzi. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie mimi au kiongozi wa kina dada, tutakusindikiza na kukungojea nje.

Jumatano tutasoma Isaya 36 na 37 kwa pamoja baada ya vipindi. Njoo ukiwa umeamua jambo moja ambalo hutaki likukute bila jibu msimu huu wa mitihani. Si lazima ulitaje mbele ya watu.

Tuombe. Baba, tumechoka na mbio tulizozichagua wenyewe. Leo tunakubali. Waliotumiwa maswali usiku huu, wape mkono wa kuyafuta. Wenye madeni, wape ujasiri wa kuwaambia wazazi wao kabla wengine hawajawaambia. Waliouziwa maneno laini wakaumia, uwarudie wewe mwenyewe, maana umesema unangoja ili uwaonee huruma. Wanaoingia pepa la Jumatatu saa mbili, uwakumbushe waliyoyasoma. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.