Seli ya 31

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa pikipiki, maltimita na daftari. Nilikuwa chini ya mkandarasi anayetunza betri za vituo vya kupozea umeme, na kutoka Tabora mjini hadi kituo cha mbali zaidi, upande wa Urambo, siku nzima iliishia barabarani.

Watu wengi hawajui kwamba kituo cha umeme nacho kinategemea betri. Laini ikipata hitilafu, umeme wa kituo wenyewe huyumba au kukatika na chaja huzimika. Rilei, kifaa kinachogundua hitilafu, na koili ya kufungulia breka, yaani swichi kubwa inayokata laini, hubaki na betri peke yake. Betri ikishindwa, breka haifunguki, na hitilafu ya nguzo moja inaweza kufika hadi kwenye transfoma. Kwa hiyo mkaguzi akija, jambo la kwanza huomba kumbukumbu za vipimo.

Betri zetu ni seli 55 za volti mbili mbili, za maji, zilizounganishwa mfululizo kupata volti 110. Chaja huzishikilia kwenye volti 2.23 kila moja, yaani 122.6 kwa jumla. Nilikuwa napima ile jumla, naandika, naondoka. Ukaguzi ulipita kila mara.

Kilichonibadilisha ni kusoma ratiba ya Wamarekani, kanuni iitwayo PRC-005 ya NERC, taasisi inayosimamia uhakika wa gridi ya umeme Amerika Kaskazini. Kwa betri za maji wanataka kila miezi 4 uangalie volti, kiwango cha maji na umeme unaovujia ardhini, na kila miezi 18 viungo vya seli na ukinzani wake. Kanuni hiyo haitubani sisi, lakini ina kifungu nilichokipenda: kifaa kinachopima muda wote na kutoa tahadhari kinaweza kuchukua nafasi ya baadhi ya ukaguzi wa mkono. Nilimshawishi bosi tufunge kifaa hicho kwenye kituo kimoja. Kila seli ilipata waya zake, chumba kikapata kipimajoto, na data zikawa zinatumwa kwa laini ya simu.

Siku ya sita jumla ilisomeka 122.6, safi kabisa. Lakini seli ya 31 ilikuwa 2.08, na ukinzani wake wa ndani ulikaribia mara mbili ya jirani zake. Zile 54 zilikuwa zimegawana pengo lake, kila moja ikipanda kwa volti 0.003 hivi, kiasi ambacho maltimita yangu kwenye ncha mbili za betri isingekiona kamwe. Niliumia sana. Sikujua imekuwa hivyo tangu lini, na sahihi yangu ilikuwa kwenye kila ukurasa.

Kipimajoto nacho kilisoma nyuzi 37. Nikampigia mlinzi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Kuna nini usiku huu?”

“Feni ya chumba cha betri inazunguka?”

“Tangu juzi haizunguki. Nilidhani mmeizima ninyi.”

Nilimwomba afungue mlango na madirisha, asiwashe sigara karibu na pale, maana seli zinazochajiwa hutoa hidrojeni. Joto likizidi nyuzi 25, kila ongezeko la nyuzi 8 hadi 10 hukata umri wa betri karibu nusu. Kesho yake tulibadilisha mota ya feni, na wiki iliyofuata seli ya 31.

Kisha bando la ile laini likaisha bila mtu kugundua, tukakosa data za siku nne. Mwenzangu alipendekeza tujaze kwa kukadiria. Nilikataa. Tuliacha pengo wazi, tukaandika sababu na tarehe, na mkaguzi alipofika nilianza kumwonyesha ukurasa huo. Aliuliza tumefanya nini lisijirudie. Nikamwonyesha tahadhari mpya, inayolia kituo kikinyamaza kwa saa moja.

Urambo bado naenda kila miezi 4. Kifaa chetu hakioni maji, na ili kuona kama maji yamefika mstari wa chini kwenye seli ni lazima uinamishe kichwa, umulike kwa tochi.