Nilimuuliza kama yuko sawa, akasema ndiyo

Beki wangu wa kati ana miaka 14 na hajawahi kuomba kutolewa uwanjani. Dakika ya 52 aliruka kupiga kichwa mpira wa kona, akagongana na mshambuliaji wao. Wote wawili walianguka. Yule mwingine alibaki chini akilia. Wangu aliinuka upesi, akajipangusa magoti, akarudi kwenye nafasi yake. Nikapaza sauti kutoka pembeni: "Uko sawa?" Akaniinulia dole gumba. Macho yangu yakahamia kwa yule aliyekuwa analia.

Alicheza dakika 4 zaidi. Dakika hizo zinaniuma mpaka leo.

Kilichonishtua kilikuwa kitu kidogo mno. Mpira ulitoka, akainama kufunga kamba ya kiatu. Akaifunga, akainuka, akaitazama, kisha akainama tena, akaifungua na kuifunga upya. Mpira uliporushwa alikimbilia kwenye lango tulilokuwa tunalishambulia, akasimama pale kama anayemsubiri mtu. Na huyu ndiye anayewapanga wenzake kwa sauti mechi nzima! Tangu agongwe hakuwa ametoa neno. Nikamwomba mwamuzi nimtoe.

"Kocha, sijaumia. Kichwa kinagonga kidogo tu."

Nilikuwa nimejifunza maswali ya Maddocks, ya kupima kumbukumbu ya mchezaji aliyegongwa, yanayotumika sana pembeni mwa uwanja. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Uzuri wake ni kwamba jibu unalo wewe mwulizaji. Ukimuuliza kama yuko sawa, jibu analo yeye, na mtoto anayetaka kucheza atakupa lile litakalomrudisha uwanjani. Uwanja aliutaja. Kipindi akasema cha kwanza. Bao la mwisho alikuwa amelifunga yeye mwenyewe, akaniambia bado hatujafunga.

Hakuzimia hata kidogo. Nalitaja hili kwa sababu makocha wengi ninaowafahamu bado wanasubiri mchezaji azimie ndipo waamini. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii. Wala si lazima kichwa chenyewe kigongwe. Kikumbo cha kifuani kikikirusha kichwa kwa nguvu, kinatosha.

Nilikaa naye benchi nikitafuta dalili za hatari: shingo kuuma, kutapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanayozidi, kuona viwili viwili, ganzi au ulegevu wa mkono au mguu, degedege, kusinzia asiamshike, kuchachamaa kusiko kwake. Ikitokea moja tu ni kuita ambulansi, na shingo ikiuma hasogezwi. Hakuwa nayo hata moja. Nikaandika kwenye daftari: saa, alivyogongwa, majibu yake neno kwa neno. Habari ya kamba ya kiatu nusura niiache, niliiona ya kitoto.

Mama yake alimpeleka hospitali jioni ile. Wakampiga picha ya kichwa, ikatoka safi, wakaambiwa apumzike na keshokutwa aendelee na mazoezi. Mama alinipigia simu kwa furaha. Mimi sikutulia. Picha ile hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko huvuruga utendaji wa ubongo, na kwa kawaida hauonekani kwenye picha. Kwa hiyo picha safi ilikuwa habari njema kuhusu damu, basi.

Si rahisi kocha kumpinga daktari, na sikumpinga. Nilimuuliza tu, "Mama, walitaka kujua aligongwaje? Walimpima kumbukumbu, au namna anavyosimama?" Akanyamaza. Siku ya pili yake alinipigia mwenyewe: mtoto anasoma ukurasa mmoja mara tatu, mwanga wa dirishani unamkera, amemfokea mdogo wake mpaka akalia. Dalili nyingine hukawia hivyo, saa nyingi au hata siku kadhaa. Nikaomba waende kwa daktari mwingine, mwenye uzoefu wa majeraha ya michezo, nami niende nao na daftari langu.

Huyu wa pili alianza na daftari. Alilisoma, akarudia mstari wa kamba ya kiatu, akaupigia mstari kwa kalamu yake. Kisha akamgeukia mtoto. Akamsomea dalili 22, kila moja aipe alama kuanzia 0 hadi 6. Akamtajia maneno 10 ayarudie. "Sasa mwanangu, nitajie miezi kutoka mwisho kurudi mwanzo." Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba, akakwama, akasema Oktoba tena. Akamsimamisha kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, mikono kiunoni, macho yamefumbwa. Alipepesuka kabla sijahesabu sita. Akamwambia afuate kidole kwa macho bila kugeuza kichwa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Kimezidi," akasema, akashika paji la uso. Mwishoni aliulizwa yale maneno 10. Alikumbuka mawili.

Swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria lilikuja baadaye: umewahi kugonga kichwa siku za karibuni? Mtoto alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Wiki mbili nyuma, mazoezini, alianguka na kisogo na kuona nyota. Hakumwambia mtu. Mazoezi yale niliyaendesha mimi.

Mwili uliniisha nguvu. Nilikuwa nimemwacha acheze na kichwa kilichokwisha gongwa, na habari za Zackery Lystedt nazijua: kijana wa miaka 13 wa jimbo la Washington, Marekani, aliyeumia kichwa mwaka 2006 akicheza futiboli ya Kimarekani, akarudishwa uwanjani mechi ile ile na kuanguka baada ya kipenga. Alinusurika akiwa na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo lake likapitisha sheria kwamba mtoto anayeshukiwa kuumia hivyo atolewe, na asirudi bila kibali cha mtaalamu wa afya.

Daktari aliandika: mtikisiko wa ubongo. Kupona kwenyewe kulikuwa kwa subira tu. Siku mbili za mwanzo alipumzika, ila si kwa kufungiwa gizani kama zamani. Alitembea taratibu na simu ikawekwa mbali. Masomo yalirudi kwanza, nusu siku nusu siku. Michezo ilifuata kwa hatua sita, kila hatua angalau saa 24, na kugombea mpira na wenzake ni baada ya dalili zote kwisha na daktari kuridhia.

Tulikuwa hatua ya nne, pasi na mbio bila kugusana, nami napanga koni. Akatoka kwenye mstari mwenyewe, bila kuitwa, akanifuata.

"Kocha, kimeanza tena. Hapa kisogoni."

Nikamkalisha, nikaandika saa. Tukarudi nyuma kama daktari alivyotuelekeza, na mechi akairudia wiki ya tano.