Wazee wawili wa Volterra

Basi kutoka Florence haliendi moja kwa moja. Unashuka Colle Val d'Elsa, unangoja jingine, kisha linapanda vilima kwa kona zilizonifanya nijutie chai ya asubuhi. Volterra, mji wa Italia, iko juu kabisa, na upepo wake haukujali koti langu la mtumba.

Nilifuata sanamu moja tu. Makumbusho ya Guarnacci yana jina la kasisi aliyewapa wenyeji mkusanyiko wake mwaka 1761. Nilitegemea vyumba viwili vitatu. Nikakuta masanduku ya majivu zaidi ya 600. Waetruski, waliokuwa hapa kabla Warumi hawajawameza, wengi wao walichoma maiti na kutia majivu kwenye kisanduku cha alabasta, jiwe laini au udongo. Juu ya kifuniko marehemu amejiegemeza kwa kiwiko, bakuli mkononi, kama mtu anayesubiri kuongezewa kinywaji. Kichwa kikubwa, mwili mfupi. Nadhani fundi alijua ndugu wataangalia uso. Maandishi yao husomwa kutoka kulia, kama Kiarabu. Herufi zinasomeka, ila lugha yenyewe bado inawachenga wataalamu.

Sanamu niliyoifuata, Ombra della Sera, yaani Kivuli cha Jioni, ni kijana wa shaba, uchi, mwembamba kama ufito, urefu wa sentimita 57 hivi. Nzuri kweli. Lakini watu walikuwa wameizunguka na simu zao, nikasogea kando.

Ndipo nikawakuta wale wazee. Urna degli Sposi, sanduku la mume na mke, kifuniko cha udongo wa kuchoma cha karne ya 1 KK. Mashavu yamebonyea, vipaji vya uso vimejaa mikunjo. Fundi hakuwapunguzia hata mwaka mmoja. Bibi amelala ubavu, shingo ameinua, macho kamkazia mumewe. Mzee anatazama mbele, kimya. Nikacheka peke yangu. Bibi huyu namjua: ameuliza swali mara ya tatu na bado anangoja jibu.

Mozaiki za Kirumi nilizipita mbio. Ukumbi wao wa maigizo niliuchungulia tu kutoka juu ya ukuta wa mji, kwa kuwa nilikuwa nimerudi kwa wale wazee mara mbili.

Basi likaniacha. Nikakaa kituoni, mikono kwapani, nikikisia bibi alikuwa anauliza nini.