Siku 45 za bibi wa Kigombe: siku moja kazini, Tanga

Saa 12:40 asubuhi. Natoka Ngamiani na baiskeli, kama watu wengi wa mji huu. Nasimama kwa mama wa vitumbua, nafungiwa vinne. Mimi si mwanasheria, kazi yangu ni kuandika programu. Mwaka wa pili huu nakaa meza moja na mawakili na wasaidizi wa kisheria, katika ofisi inayowahudumia wasio na fedha ya wakili. Tunatengeneza kitu kidogo: daftari la wateja ndani ya kompyuta, linalojua kuhesabu siku.

Saa 2. Orodha ya tarehe kwanza, chai baadaye. Mashauri matatu muda wake unakaribia.

Saa 3:10. Bibi mmoja ameingia, katoka Kigombe na gari la alfajiri. Hukumu yake iko kwenye bahasha ya kaki iliyolainika pembe, kaifunga kwenye ncha ya kanga. Ni ugomvi wa mpaka wa shamba la minazi, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya limempa ushindi jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimechelewa?"

Msaidizi wa kisheria anamuuliza hukumu ilisomwa lini. "Siku ya tatu baada ya Iddi, hii ya Mfungo Tatu."

Jibu hilo ndilo lililonifundisha kazi hii. Toleo letu la kwanza lilikuwa na kisanduku kimoja cha tarehe, na mtu akijibu hivyo, msaidizi alikisia. Mwaka jana tulimwambia baba mmoja kwamba bado ana siku sita, kumbe muda wake ulikwisha juzi yake. Tuliomba kuongezewa muda tukakubaliwa, lakini yule baba alikaa miezi hajui kama atasikilizwa. Kosa lilikuwa kwenye skrini niliyoichora mimi, na bado linaniuma.

Siku hizi skrini inapokea jibu kama linavyotoka mdomoni: Iddi, Maulidi, siku ya gulio, msiba wa fulani. Halafu inadai picha ya muhuri. Bila muhuri, hesabu haianzi. Bibi anafungua bahasha polepole, ananyoosha karatasi kwa kiganja, na muhuri unasema tarehe 10 Juni.

Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu kutoka kwenye baraza hilo ina siku 45. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo mwisho ni tarehe 25 Julai. Leo ni 21. Sheria ya Ukomo, ile inayoweka mwisho wa muda wa kufungua mashauri, inaruhusu kuondoa siku ambazo mtu alikuwa akingojea nakala ya hukumu, na bibi aliomba yake tarehe 12 Juni akaipata 3 Julai. Ipo nafasi hapo. Lakini tulikubaliana na mawakili kwamba programu itaonyesha tarehe ya karibu kwa wekundu, na ile ya mbali itakaa chini kwa maandishi madogo, iwe akiba. Mtu akiona tarehe ya mbali, moyo unalala.

"Hujachelewa, bibi. Leo hii tunaandika."

Saa 6 mchana. Kijana wa Pongwe, naye ana shauri la ardhi. Swali la kwanza kwake ni cheti cha baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui tena, na ukienda wilayani bila kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, au kwamba siku 30 zimepita bila suluhu, unarudishwa. Hana. Tumempa barua ya kuanzia kwenye kata yake. Dakika kumi, ameondoka.

Saa 8. Mwanafunzi wa sheria aliye kwetu kwa mafunzo kaniletea kesi ya kumsaidia wakili kwenye rufaa ya bibi. Kaipata kwa akili unde. Tumeitafuta TanzLII, tovuti zilipowekwa hukumu bure kwa kila mtu, na haipo, si kwa jina wala kwa namba. Nikamsimulia mawakili wa New York waliotozwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi za namna hiyo, zilizobuniwa na akili unde. Nikamwomba pia asiingize humo maelezo ya wateja. Bibi katuambia siri za ukoo wake, si za kurushwa kwenye mashine ya watu tusiowajua.

Saa 9:30. Wakili amemaliza sababu za rufaa. Nimeanza kuskani hukumu, ukurasa wa saba, umeme ukakatika. Zilizobaki tumezipiga picha dirishani kwa simu, nikaziunganisha kwenye kompyuta yenye chaji. Kanuni za kuwasilisha nyaraka mahakamani kwa mtandao, za mwaka 2018, zinauhesabu waraka uliotumwa kabla ya saa 6 usiku kuwa umewasilishwa siku hiyo, ila sisi hatungojei usiku. Wakili kaingia kwenye mfumo wa Mahakama kwa akaunti yake, kasoma kila ukurasa upya, katuma. Kontroli namba imekuja, tumelipa kwa simu.

Saa 11 jioni. Ujumbe kwa bibi. Ana simu ya kitochi, ndiyo maana hatukutengeneza programu ya simu janja. Maneno nayo tumeyabadilisha mara nyingi. Zamani tuliandika "shauri limeahirishwa", mama mmoja akadhani limefutwa, akalia. Sasa tunaandika "limesogezwa mbele mpaka tarehe fulani". Wa bibi unasema: "Rufaa yako imefika Mahakama Kuu leo. Tukipata tarehe ya kusikilizwa tutakupigia."

Nilikuwa nafungua kufuli la baiskeli simu ilipoita. Ni bibi. Mjukuu kamsomea, lakini anataka kusikia kwa sauti.

"Imefika?"

"Imefika, bibi."

"Basi nisomee tena."

Nikamsomea.