Mashine ya espreso ya wenzo niliyoiunda Dodoma: presha ni rahisi, kazi iko kwenye joto

Espreso inataka maji ya nyuzi 90 hadi 96 na presha ya karibu bar 9, vyote kwa wakati mmoja. Wengi wanaotaka kujiundia mashine huanza kuhangaikia presha. Kwa hapa Dodoma mimi naanza na joto. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka yakifika nyuzi 96 hivi. Aliye Dar es Salaam anaanza na 100. Akipoteza nyuzi nane njiani bado yuko pazuri. Sisi tukipoteza nane tuko 88, na kahawa iliyokaangwa kiasi inaanza kuwa chachu. Karibu kila kipimo cha mashine yangu kimetokana na hilo.

Nilichagua wenzo wa mkono, si pampu. Pampu ya kutetema na hita ya wati 1,000 vinataka umeme uliotulia: volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, hita ileile inabaki na wati 680 hivi, maana nguvu yake inashuka kwa mraba wa volti. Wenzo hauna habari na volti. Umeme ukikatika, maji yanachemshwa kwenye jiko la gesi na kazi inaendelea. Isitoshe, wenzo si ubunifu wa shida: mashine za pistoni za Achille Gaggia wa Milan, miaka ya 1940, ndizo zilizoipa espreso povu lake.

Hesabu ya presha ni fupi. Silinda ina kipenyo cha ndani cha milimita 50, sawa na eneo la sentimita za mraba 19.6. Bar moja juu ya eneo hilo ni kilo 20, basi bar 9 ni kilo 180. Wenzo una sentimita 60 kutoka kwenye pini ya nyuma unayoizunguka hadi unaposhika, na unaikandamiza pistoni sentimita 10 kutoka kwenye pini: sita kwa moja. Mkononi zinabaki kilo 30, na uzito wa mwili wako unakusaidia.

Fremu ni ya bomba za mraba za milimita 40 kwa 40, unene wa 2. Hapa kuna nguvu moja ambayo watu huisahau. Ukikandamiza kilo 30 mbele, pini ya nyuma inavutwa juu kwa kilo 150. Mwambie fundi achomelee nguzo pande zote kwa mshono kamili. Nukta mbili tatu zitaachia. Bamba linalobeba silinda liwe la milimita 10, likae juu ya bomba mbili, moja kila upande, vinginevyo litapinda na silinda itaegama. Kitako nacho kipite mbele ya mkono wa wenzo. Changu kina sentimita 70. Kikiwa kifupi, mashine yote inakupindukia na maji ya moto.

Wenzo haukufungwa kwenye pistoni. Mkono unapozunguka pini unachora upinde, na pistoni iliyofungwa moja kwa moja ingesukumwa ubavuni na kula mpira upande mmoja. Nilifunga beringi namba 6201 chini ya wenzo, ile inayopatikana kwa wauza spea za pikipiki, ikawa inabingirika juu ya kifuniko cha pistoni. Beringi 608 ni ndogo mno kwa kilo 180. Faida nyingine ni kwamba pistoni inatoka kwa mkono, hivyo unamimina maji kutokea juu bila valvu wala bomba lolote.

Sasa silinda. Niliikerezesha kutoka kwenye kipande cha mviringo cha stenlesi 304 (daraja linalotumika kwa vyombo vya chakula), kipenyo milimita 80, urefu 65. Bomba la stenlesi ni rahisi zaidi, lakini mengi yana mshono ndani, na mshono ndipo maji yanapopenya. Usitegemee sumaku kukuthibitishia kuwa ni 304. Stenlesi 201, ya daraja la chini zaidi, nayo haivutwi sana. Silinda iliyokamilika ina ukuta wa milimita 3, urefu wa ndani 55, na ukingo wa chini wa kufungia bolti. Inabaki na gramu 380 hivi.

Fundi atakushauri ukuta wa milimita 10 "ili iwe imara". Kataa. Kwa bar 9 milimita 3 zinatosha na kuzidi, na uzito unaoongezeka unakula joto. Mimina gramu 84 za maji ya nyuzi 96 kwenye silinda yangu ikiwa baridi, nyuzi 25: vyote vinatulia kwenye nyuzi 71. Fanya hivyohivyo kwenye silinda nene ya kilo moja: 54. Silinda nyembamba ukiijaza maji yanayochemka mara moja, ukamwaga, ukarudia, kwa hesabu inafika 87. Maji ya tatu, ambayo ndiyo ya kahawa, yanatulia karibu 93. Ukitoa joto linalopotea hewani, thamometa inasoma 90 au 91. Silinda nene ingekudai birika zima.

Pistoni nayo ni chuma. Ikiachwa nzima ina karibu gramu 400, kwa hiyo ilichimbwa kutokea juu kama kikombe, chini ikabaki milimita 5. Huwa naiweka kwenye bakuli la maji yanayochemka wakati silinda inapashwa. Na kati ya ukingo wa silinda na bamba la fremu kuna pete ya tefloni ya milimita 5. Bila pete hiyo fremu yote inageuka kifaa cha kupoza silinda. Ukigusa bamba na kulikuta la moto, ujue joto la kahawa limeishia hapo.

Potafilta (kishikio kinachobeba chujio la kahawa) ya milimita 51, pete yake ya kufungia na wavu wa kusambaza maji vilitoka kwenye mashine ya nyumbani iliyoungua pampu. Pete imefungwa chini ya silinda kwa bolti nne za M5 za stenlesi. Tumia chujio la kawaida la tabaka moja, si lile lenye kitundu kimoja chini linalotengeneza povu la bandia.

Mpira wa pistoni ni oringi ya kipenyo cha ndani 44, unene 3.53. Mfereji wake: kipenyo cha chini 44.1, upana 4.8. Pistoni yenyewe ni 49.6; ukiipeleka 49.9, stenlesi juu ya stenlesi inakwaruzana hadi inang'ang'ania. Oringi iwe ya silikoni au EPDM (mpira unaovumilia maji ya moto), inayofaa kwa chakula. Zile nyeusi za gereji nyingi ni za naitraili, zinatengenezwa kwa ajili ya mafuta, na kwenye maji ya moto zinakakamaa na kuachia ladha ya mpira. Grisi ya beringi isiguse hapo kabisa, maana inaivimbisha EPDM. Ndani ya silinda pitisha msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1200, silinda ikiwa inazunguka.

Kupima presha bila geji: simama juu ya mizani ya kupimia uzito wa mtu huku unakandamiza wenzo. Uzito wako ukipungua kwa kilo 10, ni bar 3. Ukipungua kwa 30, ni bar 9. Baada ya wiki mikono inajua yenyewe.

Natumia gramu 16 za kahawa iliyosagwa laini, iliyosawazishwa na kushindiliwa bapa. Namimina maji hadi milimita 12 chini ya mdomo wa silinda; yakipungua, hewa iliyobaki inajibana na wenzo unakuwa kama sponji. Pistoni ikishaingia nabonyeza kilo 6 au 7 tu hadi matone ya kwanza, kisha napanda hadi 28 au 30, na mwishoni nashuka hadi 20. Gramu 32 kwenye kikombe kwa sekunde 25 hadi 35. Wenzo ukishuka bila upinzani, saga laini zaidi. Maji yakionekana juu ya pistoni, oringi imechoka. Yakitoka kwa mchirizi mmoja wa pembeni, unga haukusawazishwa. Kahawa ya Mbinga au Mbozi iliyokaangwa kati inakubali vizuri nyuzi 90. Iliyokaangwa nyepesi sana inataka 94, na kwa hapa hiyo ni kazi ngumu, hivyo huwa napasha silinda mara tatu.

Maji ya visima vya Makutupora, vinavyolisha mji huu, yana chumvi nyingi. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Nachanganya nusu kwa nusu na maji ya chupa yenye madini kidogo, na ukoko nautoa kwa asidi ya sitriki, gramu 20 kwa lita moja.

Ukimaliza, usifungue potafilta papo hapo. Inua wenzo, subiri nusu dakika maji yaliyobaki yachuruzike, ndipo uzungushe taratibu. Usianze kwa kuivuta pistoni juu: inafyonza unga wa kahawa kupitia wavu, na kuutoa humo lazima ufungue bolti zote nne.