Nati ya Toyota Mfukoni mwa Mjomba

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta koleo kwenye droo ya chini, akaibuka na vipande viwili vya chuma vya pembe sita, kila kimoja kina tundu lenye meno katikati. "Baba, vyote vimeandikwa 12. Mbona hiki kina 1.5 na hiki 1.25?" Nikamweleza kwamba 12 ni unene wa bolti kwa milimita, na namba ya pili ni nafasi kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Akaridhika, akaenda zake na koleo. Mimi nikabaki nimezishika zile dai, vipande vya kukatia au kusafishia uzi wa bolti, nikikumbuka siku tuliyozinunua.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya Pasaka, tukiwa bado na ile Toyota nyeupe. Mama watoto alishafunga mizigo ya kwenda Mwingi. Nilikuwa nimefungua gurudumu la nyuma kukagua breki, nati mbili zikagoma. Zilipokubali kutoka, zilitoka na unga wa chuma. Gari lilikuwa limetoka kuzibwa pancha siku chache kabla, na nilipozipanga nati zote sakafuni nikaona mbili si za ukoo mmoja na wenzao. Zilikuwa za Nissan. Kwenye magurudumu ya magari mengi madogo, Nissan, Subaru na Suzuki hutumia 12 kwa 1.25; Toyota, Honda na Mitsubishi 12 kwa 1.5. Kwa macho zinafanana. Ukianza kwa mkono, nati isiyo yake itakaza baada ya mzunguko mmoja au miwili na vidole vitakuambia. Mashine ya upepo ya kukazia nati haina vidole. Inasukuma tu, na studi, ile bolti inayovaa nati, ndiyo inayoliwa.

Nikampigia mjomba, yule wa Makongeni, ambaye alizeekea kwenye karakana ya reli. "Usiguse kitu," akasema. "Fungua nati moja nzima kutoka gurudumu lingine, uje nayo. Tukutane Kirinyaga Road."

Wanaopajua pale Nairobi wanapajua: mikokoteni, mabati yanayogongwa kule Grogan nyuma, maduka ya spea yaliyobanana ukuta kwa ukuta. Mjomba alinipokonya ile nati kabla hatujasalimiana vizuri, akaitia mfuko wa koti, akaingia duka la tatu. Mawili ya kwanza aliyapita bila kuyatazama, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Kijana wa dukani akamtolea sanduku kubwa jekundu, limejaa tapu, zile za kukatia uzi ndani ya tundu, na dai zinazong'aa, kila kimoja kwenye kitanda chake cha plastiki. Mimi nilishaanza kutoa pesa. Mjomba akainamisha miwani, akasoma namba moja moja, akasukuma upande mzima wa kushoto kwa kiganja. "Hizi ni za inchi. Gari la Japani litazifanyia nini?" Upande wa kulia nao akauchuja. Kulikuwa na 7 kwa 0.75, kulikuwa na 10 kwa 1.5. Akatafuta 10 kwa 1.25, ambayo ndiyo unayokutana nayo kila mara ukifungua Toyota au Nissan, asiione. Sanduku lile lilikuwa na vipande vya kutosha kufungulia karakana, na kile utakachokihitaji Jumamosi mchana hakimo.

Ndipo akaitoa ile nati mfukoni.

Akachomoa tapu ya 12 kwa 1.5, akaifuta mafuta ya kiwandani kwa kitambaa chake cha mkononi, akaiweka nati kwenye ncha na kuizungusha kwa vidole viwili. Ikateremka kidogo, ikakaza katikati. Akairudisha, akaanza upya, ikakaza palepale. Hakusema neno. Akaomba nyingine, iliyokuwa imefungwa peke yake kwenye karatasi yenye mafuta, shingoni imeandikwa HSS, aina ya chuma kigumu. Nati ikashuka hadi mwisho wa meno, laini, bila kutikisika. Akanipa niizungushe mwenyewe. Kisha akaweka ile ya 1.25 ili nijue inavyohisi: mzunguko mmoja, wa pili kwa shida, halafu ukuta. "Umesikia?" Nikasikia. Mpaka leo vidole vyangu vinakumbuka pale ilipogota.

Akamwomba kijana studi mpya ya Toyota, akailaza ubavuni mwa ile tapu, meno kwa meno, akainua vyote viwili kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Akaninyooshea nitazame. Meno yaliingiana, hapakuwa na mwanga uliopenya popote. Akabadilisha, akalaza studi na ile tapu ya 1.25, mwanzoni zikalingana, halafu uzi ukaanza kupishana na vijitundu vya mwanga vikaonekana, vikikua kadiri jicho linavyosonga. Huo ndio utofauti wa robo ya milimita. Mzee alisimama vile, mikono juu, wateja wakimpita, wala hakuwa na haraka.

"Mzee wangu, unanunua ama unafunza?" kijana akauliza, kwa heshima.

"Yote mawili, kijana wangu."

Kwenye dai hakukubali za duara. Dai ya duara inataka mpini wenye mikono miwili, na kwenye habu, kitovu cha gurudumu chenye studi, mikono hiyo itagonga studi za jirani kabla hujafika popote. Ya pembe sita unaishika kwa spana au soketi, inaingia pembamba. Pia akanieleza kuhusu chuma. Ile ya HSS hustahimili joto, kwa hiyo ndiyo ya kukatia uzi mpya. Ya chuma cha kaboni hulainika ikipata moto mwingi, lakini kwa kusafisha uzi uliochafuka, kwa mkono na kwa mafuta, inatosha kabisa, na mwenye pesa kidogo asione aibu kuinunua.

Tuliondoka bila sanduku. Tulinunua dai mbili za pembe sita, tapu tatu za saizi anazosema zitanitosha miaka (6 kwa 1, 8 kwa 1.25, 10 kwa 1.25), mpini wake, keekee ya 6.8 ya kutobolea tundu la 8, na kile kipimo cha nyuzi chenye majani membamba kama kisu cha mfukoni. Bei ilikaribia ya lile sanduku zima. Niliumia kidogo, nakiri, na yeye aliniona.

Kazi yenyewe ilikwenda upesi. Brashi ya waya, oili, dai ikaanzishwa kwa upande wake mpana huku mjomba ameilaza sawa kwa kidole gumba. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili kuvunja vumbi la chuma. Studi ya kwanza ikakubali. Ya pili ikaanza kutoa utepe mrefu wa chuma, na mjomba akanishika mkono. "Acha. Hapa husafishi tena, unakata." Dai ikitoa chuma kingi, studi inabaki nyembamba kuliko ilivyozaliwa, na hiyo ndiyo inayobeba gurudumu lenye watoto ndani. Drami ya breki ilikuwa nje tayari, tukaigonga studi kwa nyundo ikatoka nyuma ya habu, tukaivuta ile mpya kwa nati na washa kadhaa. Saa kumi tulikuwa tumemaliza. Nikakaza zote kwa spana ya kupimia nguvu, nyutoni-mita 103 kama Toyota wanavyotaka, na Mwingi tukafika usiku.

Kuhusu sanduku nimeshamkubalia. Kilichobaki kati yetu ni ile studi ya kwanza. Mjomba alitaka zote mbili zing'olewe siku ileile. Yeye anaamini studi iliyowahi kupitishwa nati isiyo yake imeshavutwa mahali usipopaona, na kwamba uzi ukirudi safi haimaanishi chuma kimerudi. Mimi nilishikilia kwamba nati ikishuka kwa vidole hadi kikaoni, na ikashika kipimo bila kuteleza, basi ina chuma cha kutosha. Ilikaa mpaka tukauza gari, na nilimwonyesha mnunuzi ni ipi. Mjomba husema kukaa kwake hakuthibitishi kitu, na sina la kumjibu. Nimewauliza mafundi ninaowaheshimu, na wako pande zote mbili.