Kwa Boti Hadi Sena

Mama mmoja aliyekuwa akiuza omena karibu na stendi ya matatu mjini Kisumu ndiye niliyemwuliza boti ya kwenda Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria, huondoka Mbita saa ngapi, na akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye gorogoro lake: "Ikijaa, mwanangu." Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimepanga safari yangu kwa dakika, kama mtu anayekwenda Nakuru, na jibu la namna hiyo halikuwa na nafasi katika daftari langu.

Kufika Mbita kutoka Kisumu kuna njia mbili. Ya kwanza huizunguka Ghuba ya Winam kwa nchi kavu kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay, nayo ni ndefu. Ya pili hukata upande wa kaskazini wa ghuba: unaiacha barabara ya Busia pale Kisian, unapita Kombewa hadi Ndori, kisha unakunja kushoto kuelekea Madiany na Luanda Kotieno, ambako feri inakuvusha mdomo wa ghuba. Nilichagua ya pili kwa kuwa ilionekana fupi kwenye ramani. Ramani haikuonyesha kwamba dereva wetu angesimama mara mbili kupakia magodoro juu ya gari, wala kwamba tungefika Luanda Kotieno feri ikiwa imekwisha kung'oa nanga na kuacha nyuma yake povu jeupe. Tulikaa chini ya mti kwa muda wa saa mbili na ushei, tukila mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyemlaumu dereva isipokuwa mimi.

Feri yenyewe haina mengi ya kusimulia. Hubeba magari, pikipiki, mifugo na watu kwa pamoja, na kwa chini ya saa moja unaona nyumba za Mbita zikijipanga mbele yako, Rusinga ikiwa upande wa kulia. Rusinga ni kisiwa kwa jina tu siku hizi, kwani imeunganishwa na Mbita. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la mawe na udongo kuvuka mlango ule mwembamba wa maji, na tuta hilo likaziba mkondo hata boti zikalazimika kukizunguka kisiwa kizima. Baadaye likajengwa daraja ambalo maji hupita chini yake. Leo mtu hufika Rusinga kwa pikipiki, hata kaburini kwa mwanasiasa Tom Mboya, bila kulowesha kiatu. Mfangano haijapata bahati hiyo, na pengine ndiyo sababu nilitaka kwenda huko.

Ufuoni Mbita ndipo nilipolielewa jibu la yule mama. Boti ya abiria ni mtumbwi mrefu wa mbao wenye injini moja nyuma, na kabla mtu hajapanda, mizigo hupanda kwanza: mabati, kreti za soda, mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai, katoni za vifaranga wanaolia, sofa moja iliyosimamishwa wima kama abiria mwenye heshima zake. Kila mzigo una nauli yake, na nauli hiyo hujadiliwa kwa sauti kubwa, huku nauli ya mtu ikiwa inajulikana na haijadiliwi. Nahodha husimama pembeni akiangalia jinsi boti inavyokaa majini, kisha huamuru saruji ihamishwe mbele au mama mnene ahamie katikati, na mama mnene huhama bila kununa.

Anachokiogopa nahodha ni upepo. Asubuhi ziwa huwa limelala, lakini jua likishapanda upepo hutoka upande wa ziwa kuu na mawimbi huanza kupiga ubavuni. Kwa hiyo boti ikichelewa kujaa, si muda tu unaopotea. Tuliondoka saa nane mchana, wakati ambao wenyeji hawaupendi, na tulipotoka nyuma ya Rusinga maji yalianza kuturukia. Hapo nikatazama jaketi za kuokolea maisha. Zilikuwepo, zimefungwa kamba pamoja mbele ya boti, juu ya saruji, kana kwamba nazo zinapelekwa dukani. Niliomba moja. Kijana wa boti alinifungulia kwa adabu, na wengine wakanitazama kwa huruma ambayo watu humpa mgeni. Sikuona aibu, na sidhani kama nilipaswa kuona.

Safari ilichukua karibu saa moja na nusu, kwa sababu boti haiendi moja kwa moja hadi Sena, kituo cha Mfangano nilikokuwa nikielekea. Husimama katika ghuba hii na ile, na nahodha haulizwi wala haulizi. Anajua nyumba ya kila mtu na jiwe ambalo mtu huyo hushukia. Mahali pengine maji ni haba mno kwa boti kukaribia, hivyo vijana huja wakiwa wamekunja suruali na kukubeba mgongoni hadi mchangani kwa malipo madogo. Mzee aliyeketi karibu nami alisema kwamba tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 fuo nyingi zilibadilika sura, na wengine wamezoea kushuka mahali ambapo zamani palikuwa shamba la mtu.

Kisiwani barabara ni ya murram na hukizunguka kisiwa karibu na maji, huku mlima ukiinuka katikati. Usafiri wake ni pikipiki, na magari ni machache mno. Mzee aliyenikaribisha alikumbuka wakati ambapo kutoka kijiji kimoja hadi kingine mtu alitembea au alipanda mtumbwi, na akasema kwamba hata sasa, mvua ikinyesha sana, wengi hurudi kwenye mtumbwi. Siku ya pili nilipanda kwa miguu hadi Kwitone kuona michoro ya kale ya miviringo myekundu na myeupe kwenye mwamba. Huko pikipiki haifiki, na mwongozaji wangu alinisubiri kila baada ya hatua hamsini.

Usiku huo, saa nne hivi, kulisikika kelele njiani. Mwanamke mjamzito alikuwa ameletwa ufuoni akiwa ameketi juu ya pikipiki, katikati ya dereva na dada yake aliyemshikilia kutoka nyuma. Boti ilikuwepo, lakini petroli haikuwepo. Ndani ya robo saa watu walikuwa wamekuja na chupa na vidumu: mvuvi mmoja alitoa alichokuwa amekitenga kwa usiku wa kuvua, mwenye duka akatoa lita mbili kwa kuandikisha daftarini, mwenye pikipiki akamimina kutoka tangini mwake. Taa ya boti ilipotea gizani kuelekea Mbita. Asubuhi habari ikaja kwa simu kwamba mtoto ni msichana na wote wako salama, na mvuvi yule, ambaye hakuvua usiku huo, alikuwa ufuoni akitengeneza wavu.

Siku ya kuondoka nililala kupita kiasi. Nilishuka mbio hadi ufuoni saa kumi na mbili na nusu nikiwa na hakika kwamba boti imekwisha kwenda, maana wenyeji huondoka ziwa likiwa bado limelala. Ilikuwepo, injini ikinguruma polepole, abiria wameketi kimya na wengine wakisinzia. Kijana alinibeba mgongoni, akanitua juu ya gunia la omena kavu. Nikaomba radhi kwa kila aliyekuwa karibu nami.

"Sasa imejaa," nahodha akasema, akavuta nanga. Nilihesabu nafasi sita zilizokuwa wazi.